Nilificha Pasipoti ya Mama Ndani ya Buti la Theluji

Nimekosa. Sitafuti neno la kulainisha. Nilimkosea mwanamke aliyenizaa, nikamkosea na dada yake aliyekuwa akifa, na nilifanya hivyo nikiwa na akili zangu timamu, nimeshiba, ndani ya nyumba yangu. Naandika bila jina kwa sababu mama bado yu hai, na heshima yake nimeshaichezea vya kutosha.

Nilisikia kabla sijaona chochote. Nilikuwa bafuni, uso umejaa sabuni, macho nimeyafumba, sauti ya mama ikapenya ukutani. Alikuwa kwenye simu. Mama akiongea na nyumbani hupaza sauti, kana kwamba maneno yatakwenda Kondoa kwa miguu. Asubuhi ile hakupaza. Alikuwa ananong'ona, na huko kunong'ona ndiko kulikonishtua.

"Nakuja, dada. Nisubiri. Usiende popote, unanisikia? Nakuja."

Nikafumbua macho, sabuni ikaniingia. Na wazo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, halikuwa kwamba Mama Mkubwa anaumwa. Niliwaza: nani atakaa na mwanangu Imani?

Sasa mnaanza kunijua.

Tulikuwa tunaishi Rexdale, pembeni mwa Toronto, kwenye maghorofa ya karibu na barabara ya Kipling. Mume wangu, Baba Imani, alikuwa anapakia mizigo kwenye ghala moja jirani na uwanja wa ndege. Mimi nilikuwa mapokezi kwenye kliniki ya meno kwa nusu ya siku. Nusu ya pili nilikuwa naandika riwaya. Ndiyo, riwaya! Nilikuwa kijana, nilikuwa nawaka, niliamini kuna kitu kimenichagua mimi katika watu wote. Jumamosi nilipanda basi mpaka mjini kukutana na wenzangu wanaoandika, tunakaa kwenye mkahawa, tunasomeana kurasa, tunatoka pale kila mmoja akijiona ameishika dunia kwa masikio.

Na aliyeniwezesha yote hayo ni mama. Alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni ya wasichana, akastaafu, akaja Toronto Imani alipozaliwa. Hakuwahi kujifunza kupika kidogo. Alipika maharage ya kulisha bweni zima, kisha akapanda na kushuka lifti kugawia majirani ambao hajui hata majina yao. Imani alilala mgongoni kwake. Mimi nilifunga mlango wa chumba nikaandika.

Mama alikuwa na kile kibali cha muda mrefu wanachopewa wazazi wastaafu waje wakae na watoto wao. Kibali kina mwisho. Kabla hakijaisha unaomba kuongezewa, na ukishaomba unaruhusiwa kukaa hapa hadi jibu lije. Mama alipoona mwisho unakaribia alifurahi. Alishaanza kuniambia zawadi za kununua.

"Mama, tuongeze kidogo tu," nilimwambia. "Imani hajaanza shule."

"Dada hajisikii vizuri, mwanangu. Miguu inamvimba."

"Kidogo tu. Halafu utaenda na kibali chako mkononi, ukitaka kurudi unarudi."

Akakubali. Mama alikuwa ananikubalia mimi kila kitu, na mimi nilishazoea. Akatia sahihi. Nikachukua pasipoti yake nikaenda kuitoa kopi kwenye duka la dawa, ambako huku huwa na mashine, kwa sababu kopi ndizo zinazotakiwa. Nikatuma. Jioni mama akaniuliza kama nimemaliza.

"Nimetuma kila kitu," nikasema.

Sikuwa nimedhamiria uongo wakati ule. Pasipoti ilikuwa imebaki kwenye mkoba wangu, nilisahau kumrudishia. Yeye akaelewa kwamba pasipoti nayo imekwenda. Nikaona ameelewa hivyo, nikamwacha. Hapo ndipo uozo ulipoingilia.

Basi asubuhi ile ya simu, mama alinikuta jikoni, macho yangu mekundu kwa sabuni. Akadhani nimelia. Akanikumbatia!

"Usilie. Figo zimegoma, lakini bado anaongea. Nikifika nitamwogesha, nitampikia uji, atapata nguvu. Nikatie tiketi."

Ningeweza kusema. Nchi hii haimfungi mtu kwa kuwa ameomba kuongezewa muda. Angeweza kuondoka siku ileile. Tatizo lilikuwa moja tu, na lilikuwa langu: akitoka kabla jibu halijaja, yale maombi yanakufa, aanze upya kutokea nyumbani, miezi na miezi, na huenda asipewe tena. Na mimi nilikuwa nimebakiza sura za mwisho.

"Mama," nikasema, "pasipoti iko kwao uhamiaji. Mpaka wajibu maombi."

Nilijisikia nikisema. Sauti yangu ilikuwa tamu, ya kusikitika, sauti ya binti mwema. Alipokwenda kuswali nikaitoa pasipoti kwenye mkoba, nikafungua kabati la korido, nikaisokomeza ndani ya buti langu la theluji, chini kabisa kwenye ncha. Ilikuwa kiangazi. Nani atagusa buti?

Kinyaa! Naandika neno hilo na bado naona halitoshi.

Mama hakutulia. Kila siku: "Wapigie. Waambie dada yangu anakufa. Hao nao ni watu, wana ndugu." Nikawa nasema nitapiga, nitapiga. Mpaka siku moja akaniletea simu mkononi, akavuta kiti, akakaa mbele yangu na mtandio wake kichwani kama anayekwenda kuonana na mkuu wa wilaya.

Nikapiga namba ya kliniki yetu, ambayo Jumapili haina mtu. Kikaanza kile kinanda cha kusubirisha wateja. Nami nikaanza kuongea na kinanda.

Niliongea Kiingereza kizuri. Nilieleza ugonjwa. Nilinyamaza pale ambapo mtu angekuwa ananijibu. Nikatikisa kichwa. Nikasema ahsante. Nilifika mahali sauti ikanikatika kwa huzuni, na huzuni ile ilikuwa ya kweli kabisa, ndicho kinachonitia kichefuchefu hadi leo: nililia kwa hadithi niliyoitunga mwenyewe, huku mwenye msiba wake ameketi mbele yangu.

"Amesemaje?" mama akauliza nilipokata.

"Amesema anasikitika sana. Atajaribu kuharakisha."

"Ni mwanamke?"

"Ndiyo."

"Anaitwa nani?"

"Suzana," nikasema. Sijui lilitoka wapi.

Mama akainua viganja. "Ee Mola, mbariki Suzana. Mpe watoto wema."

Kuanzia hapo Suzana akaingia kwenye dua za nyumba yetu. Nilimsikia mama akimtaja kila baada ya swala, baada ya dada yake na kabla yangu mimi. Akawa anamweleza Mama Mkubwa kwenye simu: "Yupo mama mmoja Mzungu anahangaika na karatasi zangu, jikaze." Na Mama Mkubwa, ambaye alinilea miaka ya utoto wangu mama alipokuwa anaishi bwenini na sufuria zake, alikuwa anajibu kwa sauti iliyoisha: "Usiwasumbue. Watakapomaliza, utakuja."

Baba Imani alijua. Aliiona pasipoti siku anatafuta mwavuli kabatini, buti likamdondokea. Alinijia na buti mkononi, akaniambia, "Mama Imani, hili si jambo." Nikamwambia wiki hii tu, nimalize. Akalirudisha buti kabatini. Ni mume mwema, ila naye alikuwa anaingia kazini alfajiri, na kupata nafasi ya chekechea ya bei nafuu ilikuwa ni kungoja na kungoja. Wema wake ukaishia pale kwenye mlango wa kabati. Simlaumu kuliko ninavyojilaumu.

Jumamosi zile zile niliwasomea wenzangu mkahawani sura ya bibi anayelea wajukuu ugenini. Dada mmoja akajifuta machozi na leso ya karatasi. "Unawajua mama zetu," akaniambia. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nikazipokea zile sifa kama mtu anayelamba sahani ya mgonjwa!

Mama Mkubwa akafa siku ya kazi, mchana wa huku.

Mnajua kwetu habari ya kifo haimpigi mtu usoni. Mjomba hakumpigia mama, alimpigia Baba Imani kazini. Baba Imani akampigia Mama Rukia, rafiki yetu wa Flemingdon Park, upande wa pili wa jiji, ambaye alipanda mabasi akakusanya wanawake wengine njiani. Mimi niliambiwa nizime simu ya mama na nisiseme lolote mpaka wafike. Nikakaa naye jikoni anachambua mchele, ananisimulia jinsi Mama Mkubwa alivyomficha shangazi yangu mbuzi wa Idi, anacheka peke yake. Mimi nacheka naye.

Kengele ikalia. Mama akafungua. Wanawake wamejitanda khanga, wanatazama chini. Katika jiji hili hakuna mtu anayekuja bila kupiga simu kwanza, na mama alishalijua hilo. Akawatazama mmoja mmoja.

"Ni dada," akasema. Hakuuliza. Akageuka akazima jiko, kwa kuwa yeye ni mpishi, kisha akakaa sakafuni pale pale.

Kule walimzika kulipokucha. Tukatandika mikeka sebuleni Rexdale, tukakaa matanga ya mtu aliyelala mbali, tumefungua madirisha kwa joto, tumepanga viatu koridoni mpaka kwenye lifti.

Siku ya khitma, Mama Rukia alikuja na baba yake, Mzee Shabani, dereva wa treni mstaafu, aliyekuwa hapa kwa kibali kama cha mama. Mzee yule aligundua kwamba kabila lake na letu ni watani, au alijitungia tu, na mtani msibani ana kazi yake. Mtani ndiye anayeruhusiwa kumtania marehemu na wafiwa, awachekeshe ili wapumue. Hakuna anayekasirika.

"Bi Hadija!" akamwita mama kutoka kwenye kochi, kofia imekaa upande. "Dada yako kafa ananung'unika. Kasema mdogo wangu kaonja maji ya bomba ya Kanada, kaisahau njia ya Kondoa!"

Wanawake wakaangua kicheko, machozi bado mashavuni. Mama naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Mtoeni huyu mzee. Mimi ningekwenda mbio bila viatu. Serikali imeshika pasipoti yangu tangu niombe kuongezewa muda."

"Serikali ipi?"

"Hii ya hapa. Ipi nyingine?"

"Iliyoniongezea mimi? Wee mama, muongo kama marehemu!" Akaingiza mkono ndani ya koti lake, koti ambalo havui hata jua likiwaka, akatoa pasipoti akaipunga. "Hii nini? Hawa hawachukui. Wanataka kopi tu. Huyu binti yangu alitoa kopi dukani, nikamdai palepale kaunta."

"Baba analala nayo kama bwana harusi," Mama Rukia akadakia. "Mama yetu angekuwa hai angedai talaka."

Wakacheka tena. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la vikombe. Vikombe vilikuwa vinagongana na sikuweza kuvituliza. Mama hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu. Aliitazama kwa muda, kama anavyotazama sufuria kujua kama kilichomo kimeungua.

Kisha akamgeukia Mzee Shabani.

"Yangu ilikuwa na kasoro, mzee wangu. Picha haikufanana na mimi. Mambo ya karatasi kila mtu na yake. Kunywa chai, inapoa."

"Walidhani wewe ni binti yako!"

"Ndiyo hivyo," mama akasema. "Hawakujua nani ni nani."

Alinisitiri! Mbele ya watu wote, siku ya khitma ya dada yake, mama yangu alidanganya ili nisiumbuke. Ningeona afadhali anipige na lile sinia.

Wageni wakaondoka, jua la kiangazi bado liko juu ya Kipling. Mama akakunja mikeka. Akanawa mikono. Akasema neno moja.

"Lete."

Nikaenda kabatini, nikatia mkono ndani ya buti. Pasipoti ilikuwa imejikunja, imeshika unyevu na vumbi la chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha theluji. Nikampa. Akaifungua, akaifunga, akaileta puani.

"Inanuka mguu," akasema.

Nikapiga magoti. Nikaanza kusema riwaya, chekechea, nilikuwa nimebakiza kidogo, nilidhani atapona. Nilikuwa nayasikia maneno yangu yakianguka na kila moja lilikuwa linanuka kuliko lile buti.

"Yule mama wa kwenye simu," akanikatiza. "Suzana."

Nikaitazama pasipoti mkononi mwake.

"Nimemwombea kila swala. Ni nani?"

"Hakuna mtu, mama."

"Hakuna mtu." Akalirudia polepole, kama anaonja chumvi. "Nimemwomba Mungu ampe watoto wema mtu ambaye hayupo. Na dada yangu amekufa anamshukuru." Akapangusa jalada la pasipoti kwa ncha ya khanga. "Inuka. Mtoto anatazama."

Imani alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba. Aliuliza kwa Kiingereza kwa nini mama amepiga magoti. Bibi yake akamjibu kwa Kiswahili kwamba mama ameangusha kitu. Mpaka leo Imani anaamini niliangusha kitu.

Jibu la maombi lilikuja wakati mama ameshakatiwa tiketi. Ameongezewa, akae, karibu sana. Nilimsomea kwa aibu. Hakuacha kupanga nguo.

"Mpe Suzana," akasema.

Riwaya niliimaliza. Ndiyo, ndugu zangu, niliimaliza, ikapata mchapishaji mdogo, na wapo watu wameniandikia kwamba wameililia. Sijaweza kuifungua. Jalada lake likinigusa mkononi nakwenda kunawa. Mama huongea na Baba Imani, huongea na Imani, anamfundisha kuhesabu kwa Kiswahili. Mimi huniulizia: "Hajambo?" Wakimwambia sijambo, anasema ahsante, anageukia mengine. Hajanilaani. Hajanisema kwa ndugu. Amenifanya kama mgeni wa kuheshimiwa, na sijui kama kuna adhabu nyingine inayofanana na hiyo.

Wewe unayesoma haya, uliyemleta mzazi wako huku kwenye baridi, sikia. Mwenye kibali ni yeye, si wewe. Usimwombee aongezewe muda huku unaomba moyoni uongezewe wewe. Mrudishie pasipoti yake siku ileile unapotoka kutoa kopi, mkabidhi mkononi, aiweke anapotaka, hata kama ni chini ya mto. Akikuambia anataka kwenda, mpeleke, hata kama nyumba itakuangukia. Na kama unajiambia unafanya kwa ajili ya kitu kikubwa, kitabu, shule, nyumba, jichunguze vizuri. Mimi pia nilidhani changu ni kikubwa. Kiliingia ndani ya buti!

Siku aliyoondoka alivaa dera lake la kijani na sweta juu. Baba Imani alikuwa ameshabeba begi, anashikilia lifti. Nikachukua viatu vyangu nimfuate.

"Usije," mama akasema. "Kule uwanja wa ndege watu hulia wakiagana. Sitaki kulia na wewe."

Akamwinamia Imani, akamnusa utosini kwa muda mrefu. Mimi nikainamisha kichwa changu pia, jitu zima, nikangoja. Mkono wake ulikuja karibu na nywele zangu. Ukageukia mtandio wake, ukauweka sawa.

"Maharage yako kwenye friji," akasema. "Nimeshayaunga. Ni ya kupasha tu."

Akatoka, akauvuta mlango taratibu kwa mikono miwili, kama mtu anayemwacha mgonjwa amelala, mpaka kitasa kikalia.